Kiazi Hulala Lini?

Jumamosi ile aliyokuja Kiazi nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, nilikuwa na swali moja la kumuuliza, nalo halikuhusu mapenzi. Nilitaka kujua hulala lini.

Cheka tu. Mama yangu naye alicheka, tena kile kicheko chake cha puani. Lakini mimi ni mdadisi, nimeumbwa hivyo. Nikiona pazia limefungwa mchana lazima nijiulize kuna nini nyuma yake. Na Kiazi alikuwa amenifungia pazia moja tangu tujuane, ambalo kwa kila ujanja wangu sikuweza kulichungulia.

Tulikuwa tumejuana shambani. Shamba lenyewe lilikuwa ndani ya simu, katika mchezo uitwao Kitalu. Ukijiunga unapewa kipande cha ardhi na majirani usiowajua, kisha unaachwa uhangaike. Misimu ni minne, masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na kila msimu unadumu wiki moja. Kila zao lina kiu yake. Mchicha unaridhika ukinyweshwa asubuhi na jioni, nyanya zinataka na mchana, na boga ndilo lenye deko kuliko yote, likikaukiwa mara moja tu linadumaa hadi msimu uishe. Na msimu ukigeuka, chochote kilichobaki ardhini kinanyauka palepale, hata kiwe kimebakiza kuiva kidogo tu. Kwa hiyo mwenye akili hupanda mazao ya kuchelewa siku ya kwanza, ya haraka katikati, na siku ya mwisho hapandi kitu, mbegu zimchekee zisimchekee.

Haya yote niliyagundua mwenyewe nikiwa kazini. Mimi hutengeneza meno ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya kliniki ya meno. Daktari huniletea alama ya kinywa cha mtu, mimi namimina plasta nipate umbo la ufizi, halafu napanga meno juu ya nta moja moja. Plasta ikishamiminwa haina haraka na mtu, unakaa unaisubiri igande. Katika kuisubiri ndimo nilimojifunza kilimo.

Nilikuwa mkulima mzuri, nasema bila haya. Jina langu shambani lilikuwa Figili, na katika majirani wa safu yangu hakuna aliyenifikia isipokuwa mmoja, huyo Kiazi, ambaye msimu wowote alivuna karibu mara mbili yangu. Nilipanda alivyopanda, nikaweka mbolea alivyoweka, nikanyunyiza hata dawa aliyonyunyiza, wapi. Ndipo nikaanza kuchungulia matuta yake. Nikiamka alfajiri, yamelowa. Nikifungua simu adhuhuri, yamelowa. Nikirudi jioni nimechoka, macho yanafumba yenyewe, nayakuta yamelowa tena. Maboga yake hayakuwahi kuonja kiu. Na si yake tu, yangu pia alikuwa anayamwagilia, maana katika Kitalu maji ya jirani hunenepesha zao kuliko maji yako mwenyewe. Nikamuuliza yeye ni binadamu au bomba. Akaniandikia kwamba siri ya mavuno ni kutolala, akaweka na kicheko.

Ndivyo tulivyoanza. Jioni alikuwa mcheshi, mtu wa kunichokoza. Aliziita figili zangu vidole vya mtoto, nami nikaziita biringanya zake viatu vya askari. Asubuhi alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliandika polepole, maneno machache, na kila mara alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Nilidhani ndivyo wanaume walivyo, wengine hawachangamki mpaka jua lichwe. Hata mavazi alikuwa akibadilisha. Yule mkulima mdogo anayesimama shambani kwa niaba yako, wa Kiazi asubuhi alivaa kilemba cha buluu, jioni akavaa kofia ya pama. Siku moja nikamtania kwamba kilemba kimempendeza, akajibu, "Ahsante, nimekivaa tangu ujana wangu." Nilicheka peke yangu karakanani mpaka wenzangu wakageuka. Nikasema mwanaume huyu ana mzaha wa kimyakimya.

Sasa nisikie vizuri hapa, maana yote yaliyofuata yametokana na asubuhi moja.

Siku iliyotangulia asubuhi hiyo, mume wangu wa zamani alikuja kliniki kung'oa jino. Hakuja peke yake, alikuja na mke wake mpya, na mke alikuwa na mtoto begani. Mimi na mtu yule tulikaa kwenye ndoa muda usiotosha hata kuchakaza mashuka. Nilipoteza mimba, nikapoteza na nyingine, daktari akatuita akatueleza kwa utaratibu kwamba uwezekano wa nyingine kukaa ni mdogo sana. Mume akanipa talaka yangu kwa upole. Upole ule uliniuma kuliko kama angenitukana, maana mtu akikutukana una la kumrudishia.

Kulipokucha nikamwandikia Kiazi yote, akiwa na kilemba chake, amesimama katikati ya mabua ya mahindi yangu. Sikujua kwa nini ninamwandikia. Labda kwa sababu katika Kitalu ujumbe ukishasomwa unafutika, haubaki popote. Nilipomaliza nikajua nimeharibu. Kisha akaandika: "Mwenye akili huoa mtu. Haoi mtoto ambaye hajazaliwa. Nenda ukale kwanza."

Nililia juu ya sinki la kuoshea plasta. Jioni ile akaja na pama lake, akaanza utani wa biringanya kana kwamba hakuna kilichosemwa, nami nikazidi kumheshimu. Nikasema huyu ana adabu, akishasema neno halirudii ili akusimange nalo. Tangu hapo nilimpenda. Nilimpenda sana, na sikuwa nimewahi kuuona uso wake.

Jioni moja Kiazi akaomba kuja kwetu, lakini Mama hakutaka hata kusikia. Mama alikuwa muuguzi, msimamizi wa wodi mpaka alipostaafu, na hadi leo akiingia chumbani anaangalia kwanza kama vitanda vimenyooka. Aliniuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayemwagilia mboga zisizolika. Nikamwambia mwanawe ni mmoja wao. Akaniuliza kama ninamjua baba yake, mama yake, dini yake, damu yake. Hata kimoja sikukijua. Lakini hayo yote yalikuwa mapambo tu, hofu yake ilikuwa nyingine, nami niliijua. Tangu niachike walikuwa wamekuja wachumba wawili, watu wa maana, waliokaa kwenye viti vyetu na kunywa chai yetu. Kila mmoja alipoambiwa aliomba kutoka kidogo, na hiyo kidogo haijaisha hadi leo.

"Umemwambia?" aliniuliza.

"Nimemwambia, Mama. Anajua yote, na bado anakuja."

Akasema basi aje, tena mchana, akae mahali atakapomwona vizuri. "Nimwone huyo anayejua yote na bado anakuja," alisema. "Ila nakwambia, mwanangu, huyu naye akirudi nyuma, sina tena nguvu ya kukuokota sakafuni."

Kwa hiyo alikuja. Nilifungua mlango, na kwa sababu ya kazi yangu nikamtazama meno kabla ya macho. Yalikuwa na weupe wa kawaida, ule ambao wateja huukataa wakitaka wa sinema, na jino moja la pembeni lilikuwa limejigeuza kidogo kama mtu anayetaka kuchungulia. Siku zote nikiona jino la hivyo mkono huniwasha nilinyooshe. Lile sikutamani kulinyoosha. Ndipo nikapanda machoni, nikamkuta anacheka.

"Figili," alisema.

"Kiazi," nikamjibu, na sauti yangu ikanitia aibu.

Alikuwa mrefu kuliko nilivyomchora akilini, shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa lakini weusi wa grisi umekataa kutoka kabisa. Kumbe alikuwa fundi wa lifti. Alimwamkia Mama shikamoo huku ameinama, Mama akaitikia marahaba akamwonyesha kiti, kile kinachotazamana na dirisha, ili mwanga umpige usoni. Nikamhurumia. Mama akaanza zamu yake.

Alimuuliza alikozaliwa na aliyemlea. Akasema wazazi wake walifariki zamani, amelelewa na bibi yake mzaa mama, na hadi leo wanaishi pamoja, wawili tu. Mama akauliza kama bibi ana afya, akaambiwa ana afya kuwashinda wote waliomo chumbani, ila magoti. Hapo Mama alilainika kidogo, magoti ni mada anayoipenda. Kisha akauliza habari za kazi, na nikaona kwamba hili lilikuwa swali la mtihani.

"Watu wakikwama ndani ya lifti, unafanya nini kwanza?"

"Naongea nao, Mama. Kabla sijashika chombo chochote. Nawaambia jina langu, nawauliza wako wangapi. Mtu akisikia sauti, pumzi inamrudia."

Mama alimmiminia chai mwenyewe. Kwa mtu anayemjua Mama, hiyo ni sawa na kupigiwa vigelegele. Nikaona mambo yamenyooka. Moyo ukatulia, na udadisi, ambao ulikuwa umekaa pembeni kwa adabu, ukasimama.

Nikamwambia kwamba kabla hajamaliza kikombe lazima anitolee siri ya mavuno yake. Kwamba nimepiga hesabu zangu zote, za mbegu, mbolea, msimu, na kila kitu tunafanana isipokuwa maji. Kwamba fundi wa lifti anayeitwa kazini wakati wowote hawezi kuwa shambani alfajiri, adhuhuri na usiku bila kukosa. Mama akaacha kukoroga chai akasikiliza, maana hata yeye, ingawa hapendi kukubali, udadisi huu nimeurithi kwake.

"Unalala lini?" nilimuuliza.

Akacheka. Akaniangalia kama mtu anayedhani anataniwa.

"Si nalala kama watu wote. Asubuhi ni Bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi yangu. Shamba ni letu wawili. Yeye haamki baada ya jogoo, anashika asubuhi mpaka mchana. Mimi nikitoka kazini nashika jioni. Ndiyo maana maboga hayakaukiwi." Kisha kicheko kikaanza kumtoka usoni polepole. "Ulikuwa unajua, lakini. Si kilemba? Kila shamba la watu wawili, mkulima anabadilisha kofia, ndiyo watu wajue yupo nani."

Sikuwa nikijua. Nilikuwa nimeujua mchezo ule mpaka mizizi, kiu ya kila zao, siku ya kila mbegu, lakini shamba langu lilikuwa la mtu mmoja tangu siku ya kwanza, na habari za kofia sikuwahi kuzihitaji. Nilidhani mtu anapenda kuvaa.

Nikaanza kurudi nyuma, asubuhi moja baada ya nyingine. Umekula? Ni Bibi. Vaa kitu kizito, kuna baridi. Ni Bibi. Nimekivaa tangu ujana wangu. Alikuwa anasema kweli, mama wa watu. Nikafika kwenye asubuhi ile ya mahindi, nikasimama hapo.

Mama alikuwa ameshafika kabla yangu. Kikombe chake kilikuwa kimetua kwenye sahani bila mlio wowote, na alikuwa ananiangalia mimi, si Kiazi.

"Na wewe," nilimuuliza Kiazi, "huwa husomi anayoandikiwa Bibi?"

"Yakisomwa yanafutika, unajua."

"Na yeye hakusimulii?"

"Bibi? Akishika neno la mtu hata umpe nini halimtoki. Leo nikitoka ameniambia kitu kimoja tu, nisiongee sana, nikae nisikilize." Alituangalia, mimi kisha Mama. "Kuna kitu nimekosea?"

Mama akainuka akasema chai imepoa, aipashe moto. Alipopita karibu yangu alinigusa bega, na kwa mguso ule nikamwelewa kama ameniandikia. Alikuwa ananipa njia. Nyamaza, mwanangu. Cheka na bibi yake, cheka na kilemba, zungumzia maboga. Mwache kijana akuzoee kwanza, neno lenyewe litapata siku yake. Mama yule yule aliyeniambia siku zote kwamba mwanamume aambiwe mwanzo.

Na nilitamani, sitakuficha. Alikuwa amekaa pale na jino lake la kuchungulia, anasubiri kwa upole aambiwe kosa lake. Kumpata kulihitaji nifunge mdomo tu. Lakini nilimpenda mtu aliyekwisha kunijua, na mtu huyo, kumbe, alikuwa ajuza mwenye magoti mabovu. Huyu wa kwenye kiti nilikuwa sijamwambia kitu.

"Kaa, Mama," nilisema. "Chai iache."

Nikamwambia. Safari hii hakukuwa na mahindi wala simu ya kujificha nyuma yake, na nilikuwa nimezoea kuandika, kwa hiyo kusema kulinishinda mara mbili tatu, nikaanza upya. Nilimwambia ndoa, nikamwambia mimba ya kwanza na ya pili, nikamwambia alichosema daktari na alivyokisema, nikamwambia na asubuhi ile niliyomwandikia Bibi nikidhani ni yeye, na jinsi Bibi alivyonijibu. Mama alikuwa amekaa wima kama yuko zamu. Kiazi aliniangalia muda wote, hakutazama chini hata mara moja. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si mume, si wachumba wawili, wala Mama ambaye labda hakuhitaji kuuliza.

"Uliumia sana?"

"Sana," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akajipangusa viganja kwenye suruali. Akaeleza kwamba akisema neno zuri sasa hivi nitajua limetokana na aibu ya kukaa mbele ya mzazi wangu. Akasimama. Nami nikajua kinachokuja kabla hakijafika.

"Naomba nitoke kidogo," alisema.

Tukasikia hatua zake uani, kisha geti.

Mama alikusanya vikombe, akavirudisha mezani, akavikusanya tena. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama anaomba, "Amesema kidogo."

"Wote walisema kidogo, Mama."

Sikuwa na machozi. Nilikuwa na kitu cha ajabu, ule udadisi wangu, ulikuwa haujafa. Nikachukua simu nikaingia Kitalu. Haikuwa saa ya Bibi, lakini alikuwapo, na kilemba chake cha buluu, amesimama kwenye ua unaogawanya shamba lake na langu, hamwagilii kitu. Nikamwandikia shikamoo. Mara ya kwanza tangu tujuane. Jibu lake likanionyesha kwamba ameelewa.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani unanijua," aliandika. "Nisamehe."

Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Nikamwambia mjukuu wake amesikiliza vizuri kama alivyomtuma, na ameondoka. Nikamuuliza, kwa sababu nisingeweza kulala bila kuuliza, kama lile neno la kuoa mtu lilikuwa lake peke yake au huwa wanalisema nyumbani kwao.

"Lilikuwa langu. Ninalisadiki," aliandika. "Lakini yeye ana umri wake na kiu yake. Siwezi kumsemea. Umekula?"

Nikaizima simu. Nilimpenda yule bibi, na jibu lake lilinikata maini, maana lilikuwa la haki. Mama alikuja akakaa kwenye mkono wa kiti changu, jambo analolikataza kwa sababu viti huvunjika. Tulikaa hivyo. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye kile kiti cha mgeni na kuangukia sakafuni wakati geti liliposikika.

Hakubisha hodi vizuri, aligonga mara moja tu kama mtu anayejaribu ukuta. Nilipofungua alikuwa ametoka jasho, shati limeacha kuwa la pasi.

"Nilikuwa natembea," alisema. "Naomba niseme haraka, nisije nikapanga maneno."

Nikamwambia aseme. Mama alisimama nyuma yangu.

"Nilijiuliza, kama Bibi asingekujibu, kama siku ile ningekuwa mimi, ningesema nini. Nikaona nisingesema kitu. Ningepotea. Siku mbili tatu, labda wiki, ungekuta shamba limekauka. Mimi ndivyo nilivyo, nikipata jambo zito natoka nje. Halafu ningerudi. Nimejitazama kila upande, nikaona ningerudi tu. Nikafika kule mwisho wa barabara nikasema sasa kama mwisho wake ni kurudi, hizo siku za kumtesa mtoto wa watu ni za nini?"

Nilitaka kuangua kilio nikajizuia. Nilikuwa nimekwisha kupewa jibu zuri mara moja katika maisha yangu, na halikuwa la mtu niliyedhani. Hili nililitaka lote, na uchungu wake.

"Unapenda watoto?" nilimuuliza.

Mama alivuta pumzi nyuma yangu. Nadhani alitaka kunifinya.

"Napenda," alisema Kiazi. "Sitakudanganya. Nimekulia kwenye nyumba ya watu wawili, siku zote nilijiona nitakuja kuwa na nyumba ya kelele. Nimelifikiria hilo njia nzima."

"Na usipowapata?"

"Nitaumia." Akaniangalia usoni, na hakuwa anacheka sasa, wala hakuwa na maneno ya asubuhi wala ya jioni. "Kuna siku nitaumia sana, na utaniona. Lakini nataka niumie nikiwa na wewe. Nikiondoka nitawapata, labda, halafu nitakaa na watoto wangu nikijiuliza umekula au hujala."

Niliushika mkono wake, ule wenye grisi iliyokataa kutoka. Alikuwa bado amesimama kizingitini, mguu mmoja nje, kama mtu ambaye hajui kama ameruhusiwa.

Mama akatupita. Akamvuta kijana wa watu kwa mkono wa shati kama anavyovuta mgonjwa mbishi kumrudisha kitandani, akafunga mlango, akageuza ufunguo, akautia mfukoni mwake.

"Kaa," alimwambia. "Kwenye nyumba hii hakuna tena kutoka kidogo."